Hedifoni za Kabanga

Jumapili, 1 Oktoba 1978

Nimeficha jambo moja tangu tulipohamishwa kutoka mlimani: sisikii. Sikio la kushoto lilikufa kwanza. La kulia lilibaki na mvumo kama wa nyuki mzingani, kisha mvumo nao ukazima. Sijamwambia mtu. Nataka liandikwe mahali kabla sijafa, na mahali penyewe ni hapa tu.

Leo misa. Nilikaa benchi la mbele nipate kumwona padri. Nikabaki nimesimama wenzangu walipopiga magoti. Walidhani ni miguu. Miguu imevimba kweli, kwa hiyo uongo umepata shahidi.

Konsolata alileta uji. Ni jirani yangu, mjane wa seremala. Mtu akija mbele yangu na midomo ikacheza, mimi husema marahaba. Juzi nilimwitikia hivyo, kumbe alikuwa anamfokea mbuzi wangu aliyeingia kwenye maharage yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye kama niliyekusudia.

Wananiita Karani mpaka leo. Nilikuwa karani wa simu za upepo pale Biharamulo, enzi za Mwingereza. Visikilizio kichwani tangu asubuhi, nikiandika nukta na mistari, nikijua ya duniani kabla ya mkuu wa wilaya, Bwana Shauri mwenyewe. Karani ana masikio, ndivyo wanavyosema hapa. Nitawaambiaje?

Jumatano, 11 Oktoba

Deo amefika. Amekonda. Ni mtoto wa marehemu binti yangu; nilimlea na mke wangu Feliksia, naye sasa marehemu, tangu hajaota meno. Sasa anajifunza urubani Mwanza. Kaniletea sabuni na betri za redio. Siku hizi hiyo ni mali.

Alikaa mbele yangu akanieleza shida yake. Midomo yake naifuata bila taabu. Ndiyo pekee.

Shuleni kwao hedifoni hazitoshi. Hedifoni ndivyo visikilizio vya rubani, vina maikrofoni ya kusemea. Wanafunzi wanapokezana, mmoja anafuta jasho la mwenzake, nyingine zimekufa na vipuri haviji kwa sababu nchi haina fedha za kigeni. Wameambiwa kila mmoja atafute zake kabla ya mtihani wa Desemba. Asiye nazo hapati zamu ya kuruka. Bei ya za dukani Ulaya haisemeki hata kwa utani.

Amepata za aina mbili za kujaribu. Za kwanza katoa Kabanga mpakani, kwa mchuuzi aliyevuka nazo kutoka Burundi. Za jeshi, nzito, mpira wake mgumu kama tairi. Mchuuzi anataka gunia la maharage. Deo kamwachia saa yake kama rehani.

Za pili ni za padri mzungu anayerusha kile kindege cha misheni. Anarudi kwao Krismasi. Nyepesi, zina mito laini ya kukaa sikioni. Lakini hagawi bure. Kuzipata, Deo lazima auze mtamba wake.

Mtamba huyo nimemtunza mimi. Ndiye kitu pekee chenye uhai tulichoshuka nacho kutoka Kanazi kule mlimani, mbali na mbuzi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nyumba ina mtu. Nimeamka nikaona viatu vikubwa mlangoni. Nimevitazama muda mrefu.

Deo anasema watakaofaulu watapelekwa Dar es Salaam, na wengine ng'ambo. Miaka miwili, labda mitatu. Alisema huku macho yanawaka. Nikasema vizuri sana, mwanangu.

Sitakuwepo. Daktari wa hospitali ana masharubu, midomo yake haionekani, kwa hiyo nilimwomba aandike. Nikasingizia usahaulifu. Aliandika kwamba moyo umechoka na niache chumvi. Hakuandika lini.

Jumamosi, 14 Oktoba

Leo tumechagua.

Kwetu pombe ya ndizi haigawiwi kabla mzee hajaweka mrija mdomoni akasema neno. Akisema imeiva, imeiva. Hata kama ni maji ya kuoshea kibuyu, mtainywa mkisifu, na atakayeimwaga atasemwa mpaka kaburini. Deo alizileta hedifoni kwa namna hiyo hiyo. Alizipanga mkekani, akapiga goti moja, akasema, "Babu, onja wewe kwanza. Ukishasema wewe, maneno yamekwisha."

Konsolata alikuwepo. Bukuru, katibu wa kijiji, naye alikuja. Harufu ya pombe humfikia popote alipo. Deo alikuwa ameunga waya wa kuzichomeka kwenye redio yangu.

Nilivaa za padri. Kimya. Nikavaa za Kabanga. Kimya, ila zilitetemeka mpaka kwenye mfupa wa taya. Nilizigeuzageuza kama mtu anayenunua kuku. Wote wananitazama. Karani wa Biharamulo amevaa visikilizio tena. Konsolata alikuwa na machozi, mjinga yule.

Bukuru akazivaa naye. Za padri akasema zinanong'ona kama wachumba. Za Kabanga zikamrusha, akazing'oa kichwani, akasema zinapiga ngoma.

Deo aliuliza jambo. Sikulisikia. Niliitikia kwa kichwa, nikaweka mkono juu ya za Kabanga nikasema, "Hizi. Zimeiva."

Akashukuru. Nilimwona anaziangalia za padri mara moja tu, wakati anazirudisha kwenye mfuko wake. Mtamba kabaki zizini. Bukuru alisema huo ndio uchumi, na akaomba mrija.

Nilichagua bila kusikia. Ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 16 Oktoba

Deo kaondoka na gari la misheni. Alfajiri aliosha vikombe vyote, hata visivyotumika. Nimekaa barazani mpaka jua la mchana. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 3 Novemba

Tuna vita.

Jana walikuja watu wengi nyumbani kwangu kwa ajili ya redio. Rais alikuwa anahutubia. Niliiwasha, nikaikaza sauti mpaka mwisho kwa kuwatazama wao: walipokunja nyuso nikajua imetosha. Kisha nikakaa upande wa redio, niwe nawaona. Bukuru alivua kofia. Kijana mmoja akasimama, akakaa, akasimama tena. Konsolata alishika mdomo. Niliisoma vita yote kwenye nyuso zao, na sikujua ni neno gani lililoianzisha mpaka Bukuru alipoliandika ubaoni penye ofisi ya kijiji. Waganda wamevuka mpaka. Wameshika nchi mpaka mto Kagera.

Kila aliyepita aliniuliza Karani anaonaje. Nikasema tuombe Mungu.

Nilikuwa namfikiria mmoja tu.

Jumapili, 12 Novemba

Vijana wa mgambo wameondoka. Kila kaya imetoa debe la maharage au kuku. Nilimtoa mbuzi yule mwenye kesi na Konsolata. Konsolata amelia kwa ajili yake, hakulia kwa ajili ya maharage.

Watu wa Bukoba wamekimbilia Biharamulo na mikeka kichwani. Wengine wamefika hadi huku. Kijiji kimejaa watoto nisiowajua. Wanacheza mbele ya mlango wangu midomo wazi, bila sauti, kama samaki.

Jumanne, 21 Novemba

Barua ya Deo.

Anaruka kila siku sasa. Wanafunzi wanasaidia kupeleka dawa na barua kwenye viwanja vidogo, maana ndege kubwa zina kazi ya jeshi. Anasema hewani sauti ya mnara wa kuongozea ndege humjia ndogo sana, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mwalimu wake amekasirika mara kadhaa. Za Kabanga zinambana, anatoka na alama nyekundu kuzunguka masikio, wenzake wanamwita Bibi Harusi.

Anadhani kosa ni lake. Anadhani hajui kusikiliza. Hataki kuzibadilisha. Ameandika: "Wewe ulizionja, Babu. Niambie tu, zamani ulisikiaje simu hafifu mpaka ukazipata zote?"

Nimeisoma nikiwa zizini. Mtamba alilamba karatasi.

Jumatano, 22 Novemba

Nimemjibu. Nimemwambia afumbe macho pale inapowezekana, azuie pumzi, asitafute maana ya neno bali alishike kwanza, maana itakuja nyuma. Avute subira. Ni mashauri mazuri. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka yangu yote.

Rubani afumbe macho. Niliona nilichoandika baada ya kufunga bahasha. Sikuifungua. Nilimpa dereva hivyo hivyo.

Mimi ni mtu mbaya.

Jumapili, 3 Desemba

Mkutano wa kijiji. Alikuja ofisa kutoka wilayani Ngara. Aliongea sana, akielekeza kidole juu mara kwa mara. Watu walitazama mbinguni, kisha wakanitazama mimi. Sikujua kwa nini. Niliitikia kwa kichwa.

Tulipotoka nilimwuliza Konsolata ofisa alisema nini, nikasingizia usingizi. Alisimama. Akanishika kidevu, jambo ambalo mwanamke wa hapa hamfanyii mzee, akaugeuza uso wangu kwake, akasema taratibu midomo ikiwa wazi:

"Karani, mimi najua. Tangu siku ya mbuzi. Sasa sikiliza kwa macho."

Kisha akanieleza. Ndege yoyote itakayoonekana, watoto waingie migombani. Askari wameamriwa kwamba ndege itakayoitwa kwa redio, isipojibu, ipigwe. Hawana muda wa kuuliza ni ya nani. Watu walinitazama kwa sababu wanajua nina mtoto angani.

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara kama walevi.

Nilimwambia kwamba nilichagua hedifoni bila kusikia kitu. Alisema alishuku, ila hakuwa na uso wa kumbishia mzee aliyekwisha kuonja. Hakuna ambaye angekuwa nao. Akasema, "Basi mwandikie. Utaona aibu. Aibu haiui mtu wa umri wako, ungeshakufa."

Jumatatu, 4 Desemba

Nilimtuma Konsolata kwa padri. Hedifoni zake bado zipo, yupo katikati ya kufunga masanduku. Anasubiri mnunuzi.

Bukuru amenitafutia mtu wa kumnunua mtamba. Aliuliza mara tatu kama nina akili timamu: kuuza ng'ombe ili kununua za pili, wakati za kwanza zinapiga ngoma. Nikasema ni amri yangu. Akasema sawa, Karani. Hapo ndipo nilipoona uzito wa neno langu. Hakuna anayelipima. Naweza kusema maji yanapanda mlima na wataleta ndoo.

Mtamba aliondoka bila kugeuka.

Ijumaa, 8 Desemba

Hedifoni za padri zimekwenda Mwanza na dereva wa lori. Nimezifunga kwenye kitenge cha Feliksia. Nimeweka barua.

Barua inasema: Deo, mimi ni kiziwi. Nilikuwa kiziwi siku ile. Vua za Kabanga, vaa hizi, leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Usijali nilisema nini.

Nimeandika neno kiziwi. Nimelitazama. Si kubwa kama nilivyodhani.

Jumapili, 17 Desemba

Hakuna barua. Lori limerudi. Dereva alimpa mlinzi wa shule, hakumwona Deo mwenyewe.

Kifua kinabana. Silali chali.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Konsolata alinipikia ndizi na nyama kidogo. Tulikula wawili. Alikuwa amevaa gauni la bluu la harusi ya mtoto wake. Alinisimulia habari ndefu, nikaona sehemu yake, nyingine ikapita. Hakuichoka kazi ya kunirudia.

Kabla ya vita nilikuwa nadhani upweke ni kutokuwa na mtu. Leo nilikuwa na mtu, na sahani mbili. Bado.

Hakuna barua.

Jumanne, 2 Januari 1979

Ndege imepita. Sikuisikia, bila shaka. Niliona kuku wametawanyika, kisha watoto wa Bukoba wanakimbilia migombani, kisha kivuli kikakata uwanja. Nilibaki nimekaa. Konsolata alikuja mbio akanivuta mkono, nikakataa. Nilitaka kuiona. Ilikuwa ndogo, nyeupe. Haikugeuka.

Jumatano, 17 Januari

Barua. Ni mwandiko wake. Nilimwomba Konsolata akae karibu kabla sijaifungua.

Yupo hai. Amefaulu.

Mzigo ulikaa kwa mlinzi, Deo akiwa safarini. Siku aliyokuwa anashusha dawa kwenye kiwanja kimoja, hakutaja jina, labda haruhusiwi, askari walimwita kwa redio wakamwambia akae mbali, walikuwa wanatazamia ndege za adui. Hakusikia. Akaendelea kushuka. Walimpiga. Risasi zilitoboa bawa na nyingine ikapita kwenye kiti kitupu kando yake. Alitua. Askari walipoona ana umri gani na anabeba nini, mmoja wao alikaa chini akajishika kichwa. Deo aliwapa maji.

Aliporudi Mwanza akakuta kitenge cha bibi yake mezani kwa mlinzi.

Alifanya mtihani kwa hedifoni za padri. Anasema alisikia mpaka mtu wa mnarani akikohoa. Mwezi ujao anakwenda Dar es Salaam. Atajitahidi kupita nyumbani, ila vita haijasema lini.

Mwisho wa barua kaandika hivi: "Babu, pole kwa masikio. Ungeniambia, ningekuandikia kila kitu kwenye karatasi, sina uvivu. Usijilaumu hata kidogo. Asiyesikia hana kosa kwa alichokosa kusikia."

Nilimsomea Konsolata kwa sauti. Sijui sauti yangu ilikuwaje. Alipiga makofi, akaenda kuwaambia watu. Jioni Bukuru alikuja kunipa mkono. Kijiji chote kinajua sasa kwamba Karani hasikii, na wote wananisamehe. Wanakuja mmoja mmoja, wanasimama mbele yangu, wanafungua midomo sana.

Jumamosi, 20 Januari

Mvua tangu alfajiri. Naiona. Konsolata amenisogezea kitanda dirishani. Maharage yake yametoa maua.

Siwezi kwenda nje mwenyewe tena. Si maumivu, ni uchovu tu.

Nilianza barua kwa Deo. Nimefika kwenye salamu, mkono ukasimama. Kwa hiyo naandika hapa, ambako hakuna anayesoma.

Amenisamehe masikio. Masikio hayakuhusika.

Siku ile nilipozigeuza zile za Kabanga, niliona kipimo cha ukinzani, namba inayosema visikilizio vinafaa redio ya aina gani, kimechongwa kwenye kikombe cha kushoto. Karani wa simu hahitaji kusikia ili akisome. Ni visikilizio vya redio za jeshi. Kwenye redio ya mezani vitapiga ngoma, kama Bukuru alivyosema. Kwenye redio ya ndege ya raia sauti itakufa. Na za padri kinyume chake. Jaribio lile zima lilikuwa la uongo, na mle ndani mimi peke yangu nilijua.

Na swali la Deo nililiona. Uso wake ulikuwa mbele ya wangu. Aliuliza, "Babu, na ndani ya ndege zitasikika hivi hivi?" Nilisoma kila neno.

Niliitikia. Nilitaka ashindwe mtihani, arudi nyumbani, akae na mimi mpaka nife.